Daktari yuko safarini, bili inasema alikuwepo: nifanye nini?

Shikamoo dada mshauri,

Natumaini wewe na familia hamjambo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Morogoro, sasa naishi Iowa, Marekani. Nyumbani nilikuwa karani wa mapokezi katika hospitali ya wilaya. Huku nilisoma kozi ya kuandaa bili za matibabu, nikapata kazi kwenye kliniki ndogo. Kazi naipenda na wagonjwa nawapenda. Wengi ni wazee wetu kutoka Kongo na Burundi, wakinisikia naongea Kiswahili dirishani wanatulia kabisa.

Mwenye kliniki ni daktari, mwenzetu wa Afrika Mashariki. Ndiye aliyenipokea nilipokuwa sina hata marejeo ya kazi. Mkewe alinitunza nilipojifungua mtoto wa pili kama angenitunza dada yangu wa tumbo moja. Tunasali kanisa moja. Nakueleza haya ili uelewe kwa nini nimekaa kimya muda wote huu.

Pale kliniki yupo PA mmoja (physician assistant, msaidizi wa daktari mwenye leseni ya kutibu), dada kijana hodari sana. Anapima, anaandika dawa, anafuatilia vipimo. Siku nyingi yeye ndiye anayeona wagonjwa wengi kuliko daktari. Daktari asubuhi kadhaa za wiki yuko hospitali kubwa akizungukia waliolazwa, na mwezi wa saba alisafiri nyumbani, akakaa wiki kadhaa. Kliniki haikufungwa. PA aliendelea kuona wagonjwa kama kawaida, wakiwemo wapya.

Agizo nililopewa tangu siku ya kwanza ni kwamba kila dai linalokwenda Medicare, ile bima ya serikali ya Marekani ya wazee, liandikwe kwa namba ya NPI ya daktari, yaani namba yake ya utambulisho kwenye bili. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole tu: “Yule anafanya kazi chini yangu, na jioni mimi nasaini mafaili yote. Kazi ni yangu. Tukituma kwa namba yake tunapoteza asilimia 15 bure.” Sasa ameajiriwa PA wa pili ambaye bado hajasajiliwa Medicare. Naye nimeambiwa nimwingize kwa namba ya daktari mpaka karatasi zake zitoke.

Kilichonifanya nikuandikie ni mzee mmoja aliyekuja na binti yake wameshika karatasi ya Medicare. Imeandikwa kwamba mwezi wa saba alitibiwa na daktari. Mzee akasema, “Mwanangu, siku ile daktari alikuwa kwao, mbona nilimwona yule binti?” Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitaangalia.

Dada, je, hii ni desturi ya kliniki zote au ni kosa? Nasikia watu wanasema kuna utaratibu unaoruhusu. Na kama ni kosa, mimi niliyebonyeza kitufe cha kutuma nina hatia? Nikisema, nitakuwa nimemsaliti mtu aliyenifuta machozi. Nikinyamaza, silali. Je, niache kazi?

Mwenye wasiwasi, Iowa

---

Marahaba mdogo wangu,

Pole sana. Nimefanya kazi ya bili na ukaguzi wake miaka mingi katika nchi hiyohiyo uliyopo, na barua yako inagusa jambo ambalo nimeliona likiumiza watu wema. Nianze na jibu kabla ya maelezo. Madai ya wiki zile ambazo daktari alikuwa safarini hayakupaswa kwenda kwa namba yake. Ya asubuhi anazokuwa hospitali, hali kadhalika. Ya wagonjwa wapya walioonwa na PA peke yake, hata kama daktari alikuwa chumba cha pili, vilevile. Lakini si kila dai ulilotuma ni baya, na ni muhimu ujue lipi ni lipi kabla hujaenda kuzungumza na mtu.

Medicare inamtambua PA kama mtoa huduma anayejitegemea kwenye bili. Tangu tarehe 1 Januari 1998, kwa sheria ya bajeti iliyopitishwa 1997, huduma zake hulipiwa mahali popote zinapotolewa, kwa asilimia 85 ya kiwango anacholipwa daktari. Kilichobadilika baadaye ni nani anapokea pesa. Zamani malipo yalikwenda kwa mwajiri tu, ila tangu Januari 2022 PA anaweza hata kulipwa moja kwa moja na Medicare. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba kazi ya PA haina njia yake ya kulipiwa hadi ivae jina la daktari. Njia ipo wazi miaka mingi.

Sasa huo utaratibu uliousikia. Ofisini mnauita “incident to”, mimi hapa nitauita huduma ambatani. Ni halali kabisa. Unaruhusu kazi ya PA iandikwe kwa namba ya daktari na ilipwe asilimia 100, kwa sababu kazi hiyo inahesabiwa kuwa mwendelezo wa matibabu ambayo daktari mwenyewe ameyaanzisha. Uzito wote uko kwenye neno hilo, ameyaanzisha. Lazima daktari awe amemwona mgonjwa yeye mwenyewe kwa tatizo hilo, ametambua ugonjwa, ameweka mpango wa tiba. PA anafuata mpango huo, na daktari anaendelea kushiriki, asimtupe mgonjwa moja kwa moja. Huduma itolewe ofisini, si hospitali. PA awe mwajiriwa wa kliniki au ana mkataba nayo. Na daktari awepo katika ofisi hizohizo wakati mgonjwa anahudumiwa, si lazima chumba kimoja, ila awe karibu kiasi cha kuitwa akaingia mara moja.

Nikupe mifano, maana kanuni zikisomwa peke yake zinateleza. Mzee ana shinikizo la damu, daktari alimpima, akamwanzishia dawa, akaandika arudi baada ya wiki kadhaa. Anarudi, anaonwa na PA, daktari yuko chumba cha jirani. Dai hilo liende kwa namba ya daktari bila hofu. Mzee yuleyule, siku ileile, anavua kiatu na kusema kifundo kimevimba tangu juzi. Hilo ni tatizo jipya. PA akilishughulikia peke yake, ziara ile haiwezi tena kuwa huduma ambatani. Ama iandikwe kwa namba ya PA, ama daktari aingie amwone mzee mwenyewe, apime na kuweka mpango wa hicho kifundo, na faili lionyeshe kwamba aliingia na alifanya nini. Mgonjwa mpya kabisa, hakuna mjadala: akionwa na PA peke yake ni namba ya PA. Mzee wa shinikizo anarudi tena siku ambayo daktari yuko hospitali akizungukia wagonjwa, hiyo pia ni namba ya PA, hata kama hospitali iko ng'ambo ya barabara na simu yake iko wazi.

Kuhusu kusaini mafaili jioni. Nimewasikia madaktari wengi wakisema hivyo na wengi wao wanaamini kwa dhati. Saini ya jioni haithibitishi kwamba mtu alikuwepo asubuhi. Inathibitisha kwamba alisoma. Na kule kusema “anafanya kazi chini yangu” kunachanganya mambo mawili tofauti. Kuna usimamizi wa PA kwa mujibu wa sheria za jimbo, ambao katika majimbo mengi hauhitaji daktari awe jengoni, na Medicare tangu 2020 inafuata jimbo kwa PA anayeandikia bili kwa namba yake mwenyewe. Halafu kuna usimamizi wa huduma ambatani, ambao ni mkali zaidi, kwa sababu pale kliniki inadai kiwango kamili cha daktari. Daktari wako amechukua masharti mepesi ya jimbo akataka malipo ya masharti mazito.

Utasikia pia habari za video. Tangu janga la korona, Medicare imekubali kwa huduma nyingi kwamba daktari anaweza “kuwepo” kwa njia ya picha na sauti ya moja kwa moja. Sauti peke yake haitoshi, na lazima awe anapatikana muda uleule ambao mgonjwa anahudumiwa. Nakutajia hili kwa sababu mtu akibanwa huwa analikimbilia. Kliniki yenu ikifungua saa tatu asubuhi mwezi wa saba, Dar es Salaam na Nairobi ni saa kumi na moja jioni. Mgonjwa wa mwisho wa saa kumi jioni anaonwa wakati kule ni saa sita usiku. Kama hakukuwa na mpango wa video, hakuna kumbukumbu, na mwenyewe alikuwa kwenye shughuli za ukoo, basi hakuwepo. Tena Medicare kwa sheria yake hailipii huduma zinazotolewa nje ya Marekani isipokuwa kwa nafasi chache sana. Nisingemshauri daktari yeyote ajaribu kuegemea video kutoka ng'ambo.

Kama kliniki ina daktari mwingine wa kundi hilohilo, yeye anaweza kuwa ndiye msimamizi wa siku, lakini hapo dai linabeba namba ya yule aliyekuwepo, si ya mwenye kliniki aliye safarini. Kwa barua yako naona daktari ni mmoja tu, kwa hiyo mlango huo haupo.

Huko hospitali kuna kanuni yake nyingine. PA na daktari wa kundi moja wakimhudumia mgonjwa yuleyule siku hiyo, ziara inaandikwa kwa aliyefanya sehemu kubwa, yaani zaidi ya nusu ya muda wote au sehemu kuu ya uamuzi wa kitabibu, na dai linawekwa modifaya ya FS, yaani alama fupi ya kuonyesha kwamba ziara iligawanywa. Hilo halihusu ofisi yenu hata kidogo. Nimelitaja tu usije ukaambiwa “lakini hospitali wanafanya”.

PA wa pili ndiye anayenitia hofu zaidi. Mtu ambaye hajasajiliwa Medicare kutumia namba ya daktari “mpaka karatasi zitoke” ni mazoea yaliyoenea, na ni mabaya. Tena hayana sababu. Maombi yakishapokewa na hatimaye kukubaliwa, tarehe ya kuanza huhesabiwa tangu maombi yalipopokelewa au tangu alipoanza kazi pale, ile iliyo ya baadaye. Na katika hali ya kawaida kliniki inaweza kudai hata huduma za siku 30 kabla ya tarehe hiyo. Dai la Medicare linaweza kutumwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya huduma. Kwa hiyo shikilia madai yake. Yaweke kando, yasubiri. Pesa itachelewa, haitapotea, mradi maombi yametumwa mapema. Kama bado hayajatumwa, hiyo ndiyo kazi ya Jumatatu asubuhi, kabla hujafungua kingine chochote.

Tuje kwenye hizo asilimia 15, kwa sababu nahisi daktari anaziona kubwa kuliko zilivyo. Chukua ziara ambayo kiwango cha daktari ni dola 100. Mgonjwa akiwa ameshamaliza kiasi chake cha mwanzo cha mwaka, kile anacholipa mwenyewe kabla Medicare haijaanza kulipa, Medicare inalipa 80 na mgonjwa au bima yake ya ziada inalipa 20. Ikiandikwa kwa PA, kiwango kinakuwa dola 85, Medicare inalipa 68 na mgonjwa 17. Kliniki imepungukiwa dola 15. Lakini mshahara wa PA ni mdogo kuliko wa daktari, na kila mgonjwa mpya anayepokelewa na PA ni nafasi ambayo vinginevyo ingesubiri wiki nyingi. Kliniki nyingi zinazoendeshwa kwa uaminifu huandikia bili PA wao kwa namba zao wenyewe, zinalipwa 85, na zinaishi. Wapo wanaotaka mlango huu ufungwe kabisa. Mwaka 2019 tume inayolishauri Bunge la Marekani kuhusu malipo ya Medicare ilipendekeza huduma ambatani za PA na za wauguzi watibabu ziondolewe, ili kila mmoja aandikiwe bili kwa jina lake. Mimi nakubaliana nao. Kwa sasa utaratibu bado upo, na anayeutaka autimize wote.

Na ona ile 20 dhidi ya 17. Dola tatu hizo zimetoka mfukoni mwa mzee wako au kwenye bima yake. Kila ziara. Mzee anayeishi kwa hundi ya mwezi, aliyeacha kila kitu Uvira au Bujumbura akaja kuanza upya, amelipia daktari ambaye hakumwona. Nakwambia hili kwa sababu tukizungumza habari za Medicare watu huona ni pesa za serikali, hazina mwenyewe.

Umeuliza kama una hatia. Sheria ya Madai ya Uongo, ambayo ni ya tangu 1863 zama za Lincoln, inamgusa anayetuma dai la uongo akijua, na pia anayesababisha litumwe. “Kujua” kwa sheria hiyo si lazima uwe na uhakika wote. Mtu anayefumba macho kwa makusudi, au asiyejali kabisa kama ni kweli, anahesabiwa alijua. Adhabu ni hadi mara tatu ya hasara, pamoja na faini kwa kila dai, na mwaka 2025 faini hiyo ilianzia zaidi ya dola 14,000 kwa dai moja. Macho ya wachunguzi huanza kwa aliyepokea pesa, na karani aliyefuata maagizo bila kuelewa hayuko mahali pamoja na mwenye kliniki. Lakini wewe sasa umeelewa. Uliuliza, ukajibiwa jibu lisiloridhisha, mzee akaja na karatasi mkononi. Kuanzia hapo huwezi kuendelea kubonyeza kitufe na kusema hukujua. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili: madai unayojua si ya kweli usiyatume tena. Huna haja ya kugombana na mtu. Yaweke kwenye orodha ya kusubiri na uandike sababu.

Kisha mwandikie daktari. Ndiyo, mwandikie, pamoja na kwamba mnaonana kila siku na Jumapili mnakaa benchi moja. Andika kwa Kiingereza, kwa barua pepe ya kazi, fupi, bila neno la kumtuhumu. Mwambie kwamba umesoma masharti ya Medicare kuhusu huduma ambatani, kwamba umeona ziara ambazo haziyatimizi, yaani za wagonjwa wapya, za matatizo mapya na za siku ambazo hakuwa ofisini, kwamba umezishikilia, na unaomba mwongozo wake wa maandishi. Pendekeza mtu wa nje aliyebobea kwenye ukaguzi wa bili apitie sampuli. Pendekeza pia ratiba ya kila siku iwe na nafasi ya kuandika daktari gani alikuwepo na saa ngapi aliingia na kutoka. Hilo dogo la mwisho ndilo linaloziokoa kliniki wakaguzi wanapokuja.

Ana kwa ana unaweza kumwambia maneno mengine. Mwite pembeni, yeye na mkewe ukipenda, kama mdogo anavyozungumza na wakubwa zake. “Shikamoo daktari. Mlinipokea nikiwa sina mtu. Kwa sababu hiyo siwezi kukaa naona shimo mbele yenu nikanyamaza.” Usimsomee vifungu. Mwambie jambo moja ambalo pengine hajui, kwamba bado ana njia ya kutengeneza. Kliniki ikigundua imelipwa kupita haki, inatakiwa kutoa taarifa na kurudisha ndani ya siku 60, na kama inafanya uchunguzi kwa nia njema muda huo unaweza kusimamishwa hadi siku 180. Inatazamwa miaka sita nyuma. Anayerudisha mwenyewe kabla hajafuatwa yuko mahali tofauti kabisa na anayekutwa. Kiasi cha kurudisha, kama ni ile tofauti ya asilimia 15 au malipo yote ya ziara, si cha wewe kukadiria wala mimi. Hapo anahitaji mwanasheria wa mambo ya afya. Kwa ziara za yule asiyesajiliwa, ajiandae kwa jibu zito zaidi.

Umeandika kwamba ukisema utakuwa umemsaliti. Nimelifikiria sana neno lako. Mtu akikusaidia wakati wa shida anastahili heshima na shukrani yako maisha yako yote, na nakuheshimu kwa kulibeba deni hilo. Lakini hakukupokea ili uwe wa kuweka jina lake mahali ambapo hakuwepo. Na anayeweza kumsaidia sasa ni wewe, kwa sababu pale kliniki ndiye unayeona madai yote na ratiba yote kwa pamoja. Akisikia kwa karani wake anayempenda, ana nafasi. Akisikia kwa barua ya wachunguzi, hana. Na kumbuka yule mzee na binti yake wana karatasi, na karatasi hizo zina namba ya kupiga Medicare. Hii si siri yenu wawili tena.

Huyo mzee usimdanganye. Mpigie umwambie swali lake ni la haki, unalifuatilia, na dai la siku ile limesimamishwa kwa marekebisho, kama kweli limesimamishwa. Asipopata jibu kwenu ana haki ya kupiga simu mwenyewe, na hata binti yake anaweza kumsaidia kupiga.

Usilizungumze kanisani. Usilizungumze kwenye kundi la WhatsApp la kina mama, hata kwa mafumbo. Usipige picha mafaili ya wagonjwa ukayaweka kwenye simu yako. Andika kwako, kwenye daftari, tarehe na maneno ya maagizo uliyopewa, bila majina ya wagonjwa.

Dada PA naye anahitaji kujua. Inawezekana kabisa hajui bili zinakwenda kwa namba gani, maana wengi wao hawaonyeshwi. Kwenye takwimu za Medicare ni kama mtu asiyefanya kazi, ilhali amehudumia nusu ya mji. Ana haki ya kuuliza na kuona madai yanayotokana na kazi yake. Mwambie kwa utulivu, baada ya kumwandikia daktari, si kabla.

Madai ya Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, na ya bima binafsi yapitie kivyake. Bima nyingine zinataka kila PA aandikwe kwa namba yake bila kujali nani yuko ofisini, nyingine zina asilimia zao. Soma mkataba wa kila moja. Usichukue kanuni za Medicare ukazimwaga kote.

Kuhusu kuacha kazi, bado. Mpe daktari nafasi ya kujibu. Akibadilika, hapo umebaki na kazi na ndugu pia. Akikukasirikia siku mbili tatu, vumilia, ni binadamu. Lakini akikujibu kwa maandishi au kwa mdomo kwamba uendelee kutuma kama zamani, basi hatua inayofuata si kuandika barua ya kuacha kazi, ni kumwona mwanasheria wako mwenyewe, si wa kliniki. Tafuta anayeshughulika na madai ya watoa taarifa. Wengi wao mazungumzo ya kwanza hawatozi. Sheria ileile ya 1863 inamlinda mfanyakazi anayefukuzwa au kunyanyaswa kwa kujaribu kuzuia madai ya uongo, ikiwemo kurudishwa kazini na kulipwa mara mbili ya mshahara aliopoteza. Ulinzi huo haubagui mwenye uraia na mwenye grinikadi, hata hivyo mweleze mwanasheria hali yako ya uhamiaji mapema. Atakueleza pia kuhusu kufungua shauri kwa niaba ya serikali, ambalo huanza kwa siri mahakamani. Ipo pia simu ya ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani, 1-800-447-8477. Ila zungumza na mwanasheria kwanza, kwa sababu mpangilio wa hatua hizi una uzito kwa haki zako.

Anza na maombi ya usajili ya yule PA wa pili. Hilo halihitaji ruhusa ngumu, halimkasirishi mtu, na ukimpelekea daktari fomu iliyojazwa tayari kwa saini, mazungumzo mengine yatakuwa yameshafunguka.

Dada yako mshauri